Malango ya Mishipa ya Fahamu



Nimepewa heshima ya kufungua maabara hii ya shule, na kwa kuwa ada ya mgeni rasmi ni kusema mengi yasiyokumbukwa, naomba ruhusa nizungumze jambo moja tu, ambalo wavuvi wa pwani yetu wanalijua kwa athari yake: kwamba aliyekula samaki bunju hufa ganzi midomo, kisha viungo vikamlegea, hata pumzi ikamkatika ilhali akili yake ingali timamu. Sumu ya samaki huyo, ambayo moto wa jikoni hauiondoi, hukaa katika kinywa cha tundu la protini lililomo katika utando wa mshipa wa fahamu, ikazuia ioni za sodiamu zisipite, na mshipa ukawa hauna tena habari ya kupeleka.

Tundu hilo, hata likiwa salama, si wazi daima. Mshipa utuliapo, ndani yake huwa na umeme hasi kuliko nje kwa kadiri ya milivolti 70, na umeme huo huzivuta ndani nguzo nne ndogo za protini zenye chaji chanya, mlango ukabaki umefungwa. Lakini umeme huo upunguapo, nguzo hujongea kuelekea nje, zikavuta sehemu ya chini, tundu likafunuka na sodiamu ikamiminika. Haipiti ila milisekunde moja au mbili, kipande kingine cha protini ile ile huliziba kwa ndani, mithili ya bawabu asiyesikia rai, wala mlango haufunguki tena mpaka mshipa urejee utulivu wake.

Mabwana Hodgkin na Huxley wa Uingereza walikisia malango haya mwaka 1952, kwa kupima umeme wa mshipa mnene wa ngisi, pasipo kuiona protini yenyewe. Mwaka 1976, huko Ujerumani, Neher na Sakmann walibandika ncha ya kibomba cha kioo juu ya msuli wa chura, wakaona mstari wa mkondo wa umeme ukipanda ghafula, ukakaa kitambo, ukaanguka ghafula: tundu ama li wazi ama limefungwa. (Lao lilikuwa la jinsi nyingine, lifunguliwalo kwa kemikali ya mwili, si kwa umeme.) Kwangu mimi, katika elimu yote hii hakuna lililo zuri kuliko mstari ule.

Basi walimu wangu, kwa kuwa elimu hiyo ilipatikana kwa kushika vyombo, nawasihi msiitie maabara hii kufuli kwa kuchelea vyombo kuvunjika. Vijana na wavishike. Kwa maneno hayo, natamka kwamba maabara imefunguliwa rasmi.