Kabla ya Kiboko, Tazama Meno

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya punda. Wengine watacheka, maana sisi ni watu wa reli. Lakini wengi wetu tuna punda nyumbani, naye ndiye abebaye maji na kuvuta mkokoteni wakati mshahara umekwisha. Punda akishindwa, nyumba nzima huona shida.

Mimi na shemeji yangu tulikuwa na punda huko Naivasha, akivuta mapipa ya maji. Alianza kukonda, na mkokoteni ukamshinda penye mwinuko. Tukasema ni mvivu, tukampiga. Tukamwongezea mahindi, hakunenepa. Akaja dalali akitaka kumnunua kwa bei ya kutupa. Kabla ya kumwuza tukamwita daktari wa wanyama. Daktari alimfungua kinywa. Ndani ya shavu palikuwa na kidonda kirefu, na magego yalikuwa na makali kama msumeno. Niliona haya. Tulikuwa tukimpiga mgonjwa.

Ndugu zangu, meno ya punda na farasi si kama yetu. Gego lake ni refu, na sehemu kubwa imefichwa ndani ya taya. Kila mwaka hupanda juu kidogo, kama milimita 2 au 3, na majani magumu hulisaga. Punda mzima ana meno 36 mpaka 44. Meno ya mbele ni 12 na magego ni 24. Yanayozidi ni chonge, ambazo kwa kawaida ni za madume, na vijino vidogo vilivyo mbele ya magego.

Taya la juu ni pana kuliko la chini. Kwa hiyo ukingo wa nje wa magego ya juu, na ukingo wa ndani wa magego ya chini, hausagiki sawasawa. Makali ya juu hukata shavu, ya chini hukata ulimi. Ninyi wa karakana mnalijua jambo hili. Gurudumu la behewa likilika vibaya, ukingo wake huwa mwembamba na mkali. Hatulitupi, tunalipeleka kukerezwa. Na meno ya punda ni vivyo hivyo.

Dalili ni hizi:
1. Hula polepole, na hudondosha mabonge ya majani yaliyotafunwa nusu.
2. Hukonda ingawa chakula kipo.
3. Kinyesi chake kina punje nzima za nafaka au majani marefu.
4. Kinywa kinanuka, au taya limevimba.
5. Usaha wenye harufu mbaya hutoka katika tundu moja la pua. Huenda mzizi wa gego la juu umeoza.
6. Hukataa lijamu, au hutupa kichwa akifungwa.

Ukiona dalili hizi usikawie. Chakula kisichotafunwa huweza kuziba utumbo, na punda akafa kwa maumivu ya tumbo.

Dawa yake ni daktari wa wanyama. Yeye humpa punda dawa ya kumtuliza, humzuia kinywa kisifumbe kwa chombo maalumu, kisha hulainisha makali kwa tupa ndefu. Usijaribu wewe kwa tupa ya seremala, wala usivunje jino kwa nyundo au koleo. Usitie mkono katikati ya magego, atakukata vidole. Na usifanye lijamu kwa waya, maana huchana midomo na ulimi.

Punda mzima apimwe kinywa mara moja kwa mwaka. Mzee apimwe mara mbili, kwa sababu meno yake huisha na mengine hung'oka. Huyo mkatie majani laini mafupi, mlowekee pumba kwa maji, na umpunguzie mzigo. Asiye mzee apate majani ya kutosha ya kutafuna, si nafaka tupu.

Najua mtasema daktari ana gharama. Ni kweli. Basi tufanye kama tufanyavyo katika chama: wenye punda kumi wachange pamoja, daktari aitwe siku moja, awapime wote mahali pamoja.

Husemwa kwamba asante ya punda ni mateke. Lakini punda wetu, baada ya tupa na majuma machache ya kupumzika, alirudi kuvuta mapipa yake bila kupigwa. Sisi hulalamika sana msimamizi akituita wavivu kabla ya kuuliza kama tu wagonjwa. Tusiwe wasimamizi wa namna hiyo nyumbani kwetu.