Pilipili Hoho na Akiba ya Nyumba

(Hotuba ya Karani wa Chama, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Mwaka huu Halmashauri imepokea maombi mengi ya mkopo kutoka mfuko wa Chama, na karibu yote yataja zao moja tu, yaani pilipili hoho. Waombaji wasema kwamba zao hili ndilo litakalotuokoa na njaa. Wazee kadhaa nao wametuuliza kama maneno hayo ni ya kweli, kwa kuwa wameona katika maboma fulani muhogo uking'olewa ili hoho ipate mahali. Halmashauri ikatuagiza tulichunguze jambo hili na kuleta jibu.

Jibu letu ni hili: hoho ni zao jema, nasi hatuji hapa kulitukana, lakini si chakula cha kuokoa watu wakati wa njaa. Mwenye kuliweka mahali pa akiba aweza kulala njaa hali bustani yake imejaa. Twaomba subira yenu tuwaeleze sababu.

Kwanza, yafaa tukumbuke kwamba si vibaya kupokea zao geni. Hoho asili yake ni Amerika, na ilienea duniani baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Lakini mahindi, muhogo na viazi vitamu navyo vilitoka huko huko. Babu zetu walikula kuon ya mtama na ya wimbi. Nzige walipoingia Nyanza mwaka 1931 na kula mashamba, serikali ya kikoloni ilihimiza, na pengine ikalazimisha, kila nyumba ipande muhogo kuwa akiba. Watu wengi walinung'unika. Hata hivyo muhogo ulikaa, kwa kuwa mizizi yake imo chini ya udongo ambamo nzige hawafiki, na hungoja ardhini miezi mingi mpaka siku ya haja. Basi zao geni lilipokelewa kwa sababu lilifanya kazi iliyotakiwa. Hoho nayo na ipimwe kwa mizani hiyo hiyo.

Sisi makarani kazi yetu ni hesabu, kwa hiyo twaomba ruhusa tuhesabu. Mtu mzima ahitaji kwa siku nguvu ya chakula yapata kalori 2,000. Gramu 100 za hoho mbichi ya kijani zina kalori 20 tu, kwa maana zaidi ya sehemu tisa katika kumi za tunda hilo ni maji. Mtu akitaka kuishi kwa hoho peke yake itampasa ale kilo 10 kila siku, jambo lisilowezekana. Gramu 100 za muhogo uliomenywa zina kalori 160 hivi; kilo moja na robo yatosha kumpa nguvu ya siku nzima. Tena muhogo hungoja shambani, na mtama hungoja ghalani, lakini hoho ikichumwa hunyauka ngozi katika siku chache. Na akiba ni kitu chenye kungoja.

Sasa tuitendee hoho haki yake. Hoho moja ya kadiri, ikiliwa mbichi, yampa mtu mzima vitamini C yote aihitajiyo kwa siku. Na ile iliyoachwa ikaiva mpaka ikawa nyekundu yazidi ile ya kijani, tena ina vitamini A. Vitamini C husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, kunde na mboga za majani. Kwa hiyo nyumba yenye kuon, omena, osuga na hoho kidogo ina chakula kilichokamilika kuliko nyumba yenye kuon na chumvi. Akina mama wakumbuke tu kuitia hoho chunguni mwishoni, kwa kuwa moto mwingi huiharibu vitamini C. Basi hoho ni rafiki wa chakula, wala si chakula chenyewe. Yatutia afya mwilini, na ikiuzwa vema yatutia shilingi mfukoni.

Lakini hizo shilingi nazo zina masharti, na hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita sisi na watu wa nyumbani mwetu tulisikia habari za bei ya hoho, tukang'oa muhogo wetu wote. Kipande cha kando ya mto, kilichokuwa na nyanya msimu uliotangulia, tukakitia miche 400 ya hoho, na pale penye muhogo tukatia miche mingine. Ile ya mtoni ilistawi mpaka ilipoanza kuzaa. Ndipo asubuhi moja tukaona miche imelegea majani yakali ya kijani, kana kwamba imekosa maji, hali udongo u majimaji. Katika wiki 3 zaidi ya nusu ilikuwa imekufa. Ile iliyobaki ilizaa wakati ule ule hoho za majirani wote zilipozaa. Mchuuzi alikuja, akatazama magunia yaliyojipanga barabarani, akataja bei isiyotosha hata nauli ya kwenda sokoni. Tuliuza, kwa maana siku ya pili zisingefaa kitu. Mwezi uliofuata tulinunua mahindi kwa gorogoro, nasi ndio tuliokuwa na muhogo mwaka uliotangulia. Mtoto wetu mdogo aliuliza kwa nini hatuchimbi muhogo kama zamani. Hatukuwa na jibu la kumpa. Katika daftari letu la nyumbani tuliandika hasara hiyo kwa wino mwekundu, nalo lingalipo, mtu akitaka kuliona.

Baadaye tulifahamu kwamba ule ulikuwa ugonjwa wa mnyauko, ambao vijidudu vyake hukaa udongoni. Kuutambua si kazi ngumu: kata shina la mche ulionyauka, ulitumbukize katika bilauri ya maji safi, ungoje kidogo, ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka majini, basi ndio huo. Hauna dawa ya kuponya mche. Tena hoho, nyanya, bilinganya, viazi vya kizungu, osuga na tumbaku ni jamaa moja, na ugonjwa huo huwashika. Kwa hiyo ndugu zetu wa Kuria na Suna waliozoea kulima tumbaku wajihadhari sana: shamba la tumbaku lisifuatwe na hoho, bali lipandwe mahindi, mtama au wimbi kwa miaka 3 kwanza. Pia uko ugonjwa wa virusi wa tumbaku ambao hupita kwa mikono. Mtu aliyeshika tumbaku, hata akiwa amevuta sigara tu, na anawe kwa sabuni kabla ya kugusa kitalu cha hoho.

Mahali nako kuna tofauti. Joto likizidi nyuzi 32 hivi, hoho huangusha maua. Kwa hiyo nyanda za juu za Rongo, Awendo na Kuria zaifaa kuliko ufuo wa Karungu au Mbita, ambako itahitaji kivuli na maji ya daima. Udongo mweusi wa mfinyanzi ushikao maji waitaka hoho ipandwe juu ya matuta. Penye mifereji, kama Kimira na Oluch huko Homa Bay au Kuja ya chini huko Nyatike, mkulima aweza kuchagua majira yake. Lakini hata huko tusisahau mwaka 2020. Ziwa letu lilipanda kupita kimo chote kilichopata kuandikwa, bustani za ufuoni zikazama. Na mwaka ule ule masoko mengi ya wazi yakafungwa kwa ajili ya Korona. Mwenye kutegemea soko pekee alijua siku ile thamani ya kiazi kilichomo ardhini.

Hatusemi kwamba muhogo hauna taabu. Katika miaka ya 1990 batobato kali iliingia kutoka Uganda ikaharibu mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya, ikichukuliwa na nzi weupe na kwa vipandikizi vyenye ugonjwa. Basi tuchukue mbegu kwenye mashamba safi tu, zilizo za aina zivumiliazo. Muhogo mchungu nao una sumu. Uloweshwe na kuanikwa kama mama zetu walivyotufundisha, wala njaa isitufanye tuharakishe kazi hiyo. Na muhogo hauna nyama ya kujenga mwili, hivyo wataka kunde na omena kando yake. Wa Kabondo wajua viazi vitamu kuliko sisi. Twaomba tu wavishike vile vya rangi ya chungwa, kwa kuwa vina vitamini A kwa ajili ya macho na afya ya watoto.

Yuko mjane mmoja, mwanachama wetu, ambaye ametufundisha njia iliyo bora. Hakung'oa muhogo wake. Alisia hoho kitaluni, akangoja wiki 6 hadi 8, kisha akahamisha miche jioni, futi moja na nusu baina ya mche na mche, na futi mbili baina ya mstari na mstari. Alitia samadi iliyooza vizuri, akafunika udongo kwa nyasi, na kumwagilia kwa kipimo kila siku, kwa kuwa maji yakija leo na kukosekana kesho hoho huoza kitako. Alipanda kidogo kidogo, tuta moja kila mwezi, ili asiwe na mzigo wa siku moja. Wakati wa ukame wengine walipokuwa hawana, yeye alikuwa nayo. Mwanawe amemaliza muhula bila kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Wazee wetu, vyama vya namna hii si vipya kwetu. Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, chini ya Arkidikoni W. E. Owen, kilianza mwaka 1923, nacho kiliwataka wanachama wachimbe vyoo, waue panya na kupanda miti. Walijua kwamba ustawi wa watu huanzia uani. Kwa roho hiyo Halmashauri yaleta mbele yenu maazimio matatu.

La kwanza: mwanachama asipewe mkopo wa hoho mpaka wajumbe wawili wameona kwa macho yao akiba yake ya muhogo, viazi vitamu au mtama, nao waandike katika daftari la Chama. Mali bila daftari hupotea bila habari.

La pili: kila nyumba iwe na tuta moja la hoho karibu na jiko, futi 6 kwa 10, linalotosha miche 20, kwa ajili ya chungu cha nyumbani kwanza.

La tatu: wenye kulima kwa kuuza wajigawe makundi, kila kundi lipande mwezi wake, nao wauze kwa pamoja, ili mchuuzi akija asikute magunia yetu yakishindana.

Twajua kwamba azimio la kwanza litawauma vijana wengine, ambao maombi yao yamo mikononi mwetu. Twawaomba wasituone adui. Hatuwazuii kutafuta shilingi. Twataka tu shilingi ikichelewa, watoto wao wapate cha kula. Akiba haiozi.

Wazee, kata shauri ni lenu.