Springi Zilizolala na Pikapu ya Majani ya Chai

(Maneno yaliyosemwa mbele ya madereva, mafundi na wapakiaji, Kericho)



Leo hatukuja kusema juu ya mshahara. Tumekuja kusema juu ya springi za nyuma za pikapu, kwani springi hizo ndizo zinazobeba mzigo wetu, na pamoja na mzigo zabeba roho ya dereva na ya tanboi wake.

Kazi yetu twaijua sote. Majani ya chai yakisha chumwa hayangoji. Yakilundikana hupata joto na kuharibika, kwa hiyo hayana budi kufika kiwandani siku ile ile. Mvua ikinyesha, gunia lile lile huwa zito zaidi kwa maji. Na ukiiacha lami ya Litein, Sotik au Bomet, njia ya kwenda vituo vya majani ni maramu na tope, kupanda na kushuka. Gari hulala nyuma kidogo kidogo, mpaka siku moja tairi yakwaruza bodi. Hapo ndipo mtu husema, "Tuliinue." Twasema, ngojeni kwanza.

Jambo la kwanza ni kupima. Simamisha gari tupu mahali palipo sawa, upepo wa tairi uwe sawa pande zote. Pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi ulio juu yake, kulia na kushoto, kisha andika. Upande mmoja ukiwa chini, tafuta bamba la springi lililovunjika, sentabolti iliyokatika, au bushi zilizolika. Pande zote mbili zikiwa chini, basi springi zimechoka. Wako wanaonunua shokomzoba mpya wakidhani gari litainuka. Hapana. Shokomzoba hutuliza kurukaruka tu. Mzigo hubebwa na springi.

Jambo la pili ni kutengeneza. Dawa iliyo bora ni springi mpya, pande zote mbili kwa pamoja. Kama mabamba ya zamani bado ni mazima, fundi aweza kuongeza bamba moja kila upande. Lakini bamba likivunjika, libadilishwe, wala lisiungwe kwa weldingi. Na kule kuzipasha springi moto na kuzipinda upya, jihadharini. Moto huondoa ugumu wa chuma, na kama mhunzi hajui kuurudisha kwa mafuta na moto wa kipimo, springi italala tena au itakatika njiani.

Jambo la tatu ni kuinua, kwa mwenye haja ya kuvuka tope. Twashauri kidogo tu, sentimita 3 au 5. Katika gari ambalo springi imekaa juu ya ekseli, fundi huweka kipande cha chuma katikati ya ekseli na springi, pamoja na yubolti mpya ndefu zaidi. Kipande kiwe kimoja tu kila upande. Msipandishe viwili, wala msiweke ubao. Nati za yubolti zikazwe tena baada ya siku chache za kazi. Wengine hurefusha vile vyuma viwili vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya springi. Hapo mjue kwamba kurefusha sentimita 4 huinua gari kadiri ya 2 tu, na ekseli hugeuka kidogo, hata propela huweza kutetemeka.

Kabla ya kulala chini ya gari, zibeni magurudumu kwa kabari, na gari likae juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake juu ya udongo uliolowa ni kaburi.

Kisha tazameni breki. Pikapu nyingi zina vali karibu na ekseli ya nyuma, iliyofungwa kwa fimbo. Vali hiyo huujua mzigo kwa jinsi bodi inavyoikaribia ekseli. Bodi ikiinuliwa, vali hudhani gari ni tupu, nayo hupunguza breki za nyuma. Fundi asiyeirekebisha amempeleka mwenzake mteremkoni na breki nusu. Mipira ya breki isivutike, na taa za mbele zirekebishwe.

Ndugu zetu, shikeni neno hili moja: kuinua gari si kuliongezea nguvu. Ekseli ni ile ile, breki ni zile zile, tairi ni zile zile. Gari la tani moja likiinuliwa hubaki la tani moja, na kwa kuwa limekwenda juu, hupinduka upesi zaidi kwenye kona. Mwenye gari akikuambia, "Sasa limeinuka, ongeza magunia," mjibu kwa heshima kwamba haiwezekani.

Na sheria iko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa, na mwenye mahali pa kazi hana ruhusa ya kumrudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo yaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi ameiharibu kwa kusudi. Springi iliyochoka kwa kazi ya tajiri haikuharibiwa kwa kusudi na dereva. Basi vile vipimo vya kulia na kushoto viandikeni kila mwezi, tarehe na sahihi, mumpe msimamizi nakala moja, na nakala nyingine mbaki nayo. Siku ya mashtaka, karatasi hiyo itasema kwa niaba yenu.

Fundi na dereva wakisimama pamoja, gari litafika na watu watarudi nyumbani. Umoja ni nguvu.