Zamu za Sikukuu



Kwetu Ijara hakuna reli. Sisi tulioajiriwa relini tumewaacha wake na watoto wetu Masalani. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu za Serikali, lakini treni haingoji kengele ya kanisa.

Mwaka 2024 Pasaka iliangukia Machi 31, ndani ya Ramadhani. Idi ikafuata Aprili 10. Wenzetu Waislamu walishika zamu zetu hali wamefunga, nasi tukashika zao siku ya Idi.

Wema huo usiachiwe bahati. Tudai orodha ya zamu ibandikwe mwezi mmoja mbele, ili kila baba afike kwake kabla masika hayajakata njia. Fedha ya ovataimu hurudi. Utoto wa mwana haurudi. Kila tawi lilete neno hili mkutanoni.