Wauguzi na Bima ya Afya kwa Wote



Mkulima wa tumbaku, awe wa Kipalapala au wa Urambo, hungoja masoko ndipo ashike fedha, maradhi hayangoji. Mkoa wa Tabora ulikwisha kulitambua hilo: Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga katikati ya miaka ya 1990, kaya zikichangia kabla ya kuugua. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nayo inaagiza asiye na uwezo agharimiwe. Nani amjue huyo kuliko muuguzi? Basi wauguzi waisemee sheria hii vijijini, na vikaoni waeleze, bila woga, ni zahanati zipi zinazomrudisha mwenye kadi kwa kukosa dawa.