Chuma Kisile Chuma: Mazungumzo juu ya Ulainishaji wa Mashine za Kusaga

Ndugu wananchi wa Kata ya Kilole,

Mashine ya kusaga inaposimama, hasara haiishii kwa mwenye mashine. Mama aliyejitwisha debe la mahindi hulazimika kulibeba hadi mtaa mwingine, na chakula cha jioni huchelewa. Pengine kilichoisimamisha ni beringi moja tu iliyokosa grisi.

Uso wa chuma, hata ukisuguliwa ukang'aa, una vilima na mabonde yasiyoonekana kwa macho. Nyuso mbili zikipitana, vilima hivyo hukwaruzana, huvunjana na kutoa joto. Huo ndio msuguano. Si adui siku zote: bila huo, mkanda ungeteleza juu ya puli na mashine isingezunguka. Ndiyo maana kuupaka mkanda grisi ili usipige kelele ni kujitafutia hasara.

Kazi ya oili ni kuvitenganisha vyuma. Mwaka 1883, Mwingereza Beauchamp Tower alipokuwa akipima msuguano katika beringi za ekseli za treni, alitoboa tundu juu ya beringi. Oili ikapanda na kumwagika. Akaliziba kwa kizibo cha mbao. Kizibo kikasukumwa nje. Ikadhihirika kwamba ekseli inayozunguka huivuta oili na kuipenyeza kati ya vyuma, ikajenga mgandamizo wa kuubeba mzigo. Mwaka 1886, Osborne Reynolds akalieleza jambo hilo kwa hesabu. Krenki ya injini ya dizeli inayoendesha mashine ya kusaga huelea vivyo hivyo juu ya oili.

Lakini tabaka hilo huhitaji mwendo. Injini iliyolala usiku kucha, oili yake imeshuka chini. Katika mizunguko ya kwanza vyuma hutenganishwa na utando mwembamba mno, na hapo ndipo hulika. Kwa hiyo injini iachwe izunguke kidogo bila mzigo kabla ya mahindi kumiminwa.

Beringi za gololi zinazoshika shafti ya nyundo hutumia grisi, ambayo kwa kawaida ni oili iliyoshikiliwa na aina ya sabuni ili isitiririke. Wengi huzijaza pomoni wakidhani wanazitunza. Beringi ya mwendo kasi iliyojaa hivyo huikoroga grisi na kuchemka. Theluthi hadi nusu ya nafasi yatosha. Chuchu ya grisi ifutwe kwanza, la sivyo vumbi la unga huingia pamoja nayo.

Lililo baya zaidi ni kuzilainisha beringi kwa oili chakavu iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Oili hiyo imebeba masizi na chembe za chuma, hivyo hukwangua pale inapotarajiwa kulainisha. Sili ikichakaa, huvuja hadi kwenye unga, na unga huo huliwa na watoto. Wala isimwagwe mtaroni, kwa kuwa mvua huisukuma kuelekea Mto Pangani. Ihifadhiwe katika dumu lenye kifuniko, mbali na nafaka.

Mwananchi anayeona weusi au kunusa oili katika unga wake anayo haki ya kuukataa, na taarifa ipelekwe kwa Afisa Afya wa Kata.