POLISI NA ASKARI WA MAGEREZA: MAMLAKA NA WAJIBU WAO



Mara nyingi mzazi hufika langoni pa gereza akiuliza, "Mbona mmemkamata mwanangu?" Askari aliye langoni hana jibu, kwa kuwa si yeye aliyemkamata. Wananchi wengi humwona kila avaaye sare kuwa ni polisi. Kutojua tofauti hii hutupotezea haki zetu, maana twabisha mlango usiohusika. Basi tuzitazame kazi hizi mbili jinsi zilivyo katika sheria za Kenya.

1. Askari polisi

Polisi hulinda usalama, huchunguza makosa na kukamata washukiwa. Mamlaka yake yaenea nchi nzima, lakini muda wake wa kumshika mtu ni mfupi. Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2010 chaagiza kwamba aliyekamatwa aelezwe upesi sababu ya kukamatwa, katika lugha anayoielewa. Awe huru kunyamaza na kuwasiliana na wakili. Tena afikishwe mahakamani katika muda usiozidi saa 24. Saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, afikishwe siku ya mahakama inayofuata. Wala mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6.

2. Askari wa magereza

Huyu hachunguzi kosa wala haamui nani ana hatia. Humpokea mtu kwa hati ya mahakama, na hati hiyo ndiyo mpaka wake. Awapo kazini, Sheria ya Magereza, Sura ya 90, humpa uwezo na kinga za askari polisi kwa ajili ya kazi hiyo: aweza kupekua vitu viingiavyo gerezani na kumfuatia mfungwa aliyetoroka. Uwezo huo si ruhusa ya kuwasaka raia kwa mambo yasiyohusu magereza.

Mamlaka yake ni membamba, lakini wajibu wake ni mzito. Aliyefungwa hawezi kujitafutia chakula, maji wala dawa. Ashikaye ufunguo ndiye awajibikaye. Kifungu cha 51 chasema kuwa mfungwa hubaki na haki zake zote, isipokuwa zile zisizopatana na hali ya kufungwa. Mahakama humwondolea mtu uhuru wake. Haimhukumu kupigwa wala kulala njaa. Naye mahabusu bado huhesabiwa kuwa hana hatia.

3. Tubishe mlango upi?

Kutesa ni marufuku kwa wote wawili, na Katiba haikubali sababu yoyote ya kulegeza katazo hilo. Malalamiko juu ya polisi hupelekwa kwa mamlaka huru iitwayo IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Lakini IPOA haikuundwa kwa ajili ya askari wa magereza. Aliyeonewa gerezani, au jamaa yake, amwendee mkuu wa gereza, mahakimu wanaozuru magereza, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, au mahakama yenyewe.

Tusidhani kuwa kuta ndefu huficha yote. Mwaka 2000 wafungwa 6 waliuawa katika gereza la King'ong'o, Nyeri. Baadaye askari wa magereza walishtakiwa kwa mauaji hayo. Sare haikuwakinga.

Ndugu zangu, kuwazuru wafungwa ni tendo la huruma. Kujua sheria hulifanya tendo hilo kuwa pia la haki. Mwendapo, andikeni tarehe, mahali na namba ya askari anayehusika. Msiwasahau askari waadilifu: wanastahili shukrani zetu.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Je, kuna mtu wa jumuiya yetu aliye rumande? Aliingizwa kwa hati gani?
2. Ni nani kati yetu atakayeisindikiza familia yake mahakamani?